Maswali ya Wasomaji: Pikipiki inalala nje, ninunue kava gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nakaa Sahare hapa hapa Tanga, nina pikipiki ya CC 150 ya kwendea kazini na inalala uani, banda hakuna na mlango wa chumba nilichopanga ni mwembamba haipiti. Nina miezi 8 tu nayo lakini spoki zishaanza kutu, siti imepauka na swichi ya taa inakwama. Nimeona makava ya aina mbili dukani, moja jepesi la kitambaa kama mwavuli, lingine la mpira mzito, muuzaji anasema la mpira ndio halipitishi hata tone. Jirani yangu yeye ananiambia nisipoteze hela, ninunue karatasi la nailoni nifunike nifunge kamba basi. Nichukue lipi? Msomaji, Sahare.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. La mpira liache, na la jirani liache kabisa, najua muuzaji hajakudanganya, kweli halipitishi tone, ila shida yako wewe wa Sahare sio tone la juu peke yake, shida yako ni chumvi na maji ambayo tayari yapo kwenye pikipiki wakati unaifunika.

Angalia chumvi ya jikoni kwako. Ukiacha kopo wazi wiki moja tu inalowa, ndio maana watu wanatia punje za mchele humo. Chumvi unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75 inaanza kuvuta maji yenyewe mpaka inayeyuka, na huku kwetu pwani usiku mwingi hewa inapita hapo. Sasa upepo wa baharini unaleta chumvi hiyo hiyo, inakaa kwenye spoki, kwenye rimu, ndani ya swichi, kwenye vichwa vya nati, huioni, ila usiku inalowa na chuma kinaanza kuliwa hata kama mvua haijanyesha mwezi mzima. Ukija ukafunika na kitu kisichopitisha hewa, ule unyevu hauna pa kutokea. Mchana jua linapiga, chini ya kava panakuwa kama sufuria lenye mfuniko, ardhi nayo inatoa mvuke wake, jioni chuma kinapoa na ule mvuke wote unageuka matone, kava linatoka jasho kwa ndani.

Hili nalisema kwa sababu limenikuta. Masika ya mwaka mmoja nilisafiri wiki 3, nikaiacha yangu imefunikwa na nailoni nzito nimeikaza kamba mpaka chini pasionekane hata tairi, nikajiona nimeilinda kweli. Nimerudi nafunua, siti imeota ukungu mweupe, cheni imekuwa ya rangi ya matofali, plagi ya betri ina unga wa kijani. Pikipiki ya jirani iliyolala wazi wiki hizo hizo ilikuwa na hali nzuri kuliko yangu, iliniuma roho sana.

Kwa hiyo tafuta kava la poliesta lenye kupakwa dawa ya kuzuia maji upande wa ndani, na liwe na matundu ya hewa, yale yenye kikofia juu yake ili mvua isiingie, mawili pande zote za juu karibu na usukani inatosha. Nakwambia poliesta sio kitambaa cha nailoni kwa sababu nailoni ikilowa inavutika inalegea, na juani inachoka haraka zaidi. Jua la Tanga sio la kuchezea, sisi tuko nyuzi 5 tu kusini ya ikweta na mwezi wa 3 mwanzoni na mwezi wa 10 mwanzoni saa 6 mchana linapita utosini kabisa. Ukipata lenye upande wa nje wa rangi ya silva chukua hilo, linarudisha jua. Jeusi linapendeza ila linapika siti.

Kwenye lebo utakuta namba na herufi D, 210D, 300D, 600D. Hiyo ni unene wa uzi, wanapima mita 9,000 za uzi huo zina gramu ngapi, kwa hiyo 600D ni uzi mzito mara mbili ya 300D. Wewe unayefunika na kufunua kila siku 300D inakutosha, 600D ni imara ila nzito na ikilowa kuikunja asubuhi ni kazi, mwisho utachoka utaiacha. Halafu kuna makava yanaandikwa 190T, watu wanadhani ni karibu sawa na 210D, hapana, hiyo T ni hesabu ya nyuzi kwenye inchi moja ya mraba, ni kitambaa chembamba cha mwavuli na nahisi hilo jepesi uliloliona ndio lenyewe. Msimu mmoja wa kusi linachanika.

Usilipie kabla hujaligeuza ndani nje. Tazama mshono, hasa wa juu. Makava mengi ya bei ya chini yana mshono unaopita katikati juu ya siti na tanki, pale pale maji yanapotuama, na kila tundu la sindano ni njia ya maji. Mshono mzuri ama uko pembeni au umebandikwa utepe kwa ndani, upitishe kidole utausikia laini kama plasta. Muombe muuzaji maji kidogo umwage juu ya mshono uone, akikataa nenda duka lingine.

Vipimo usidanganyane na herufi, XL ya huyu sio ya yule. Pima kwa futi ya fundi cherehani kutoka tairi la mbele mpaka mwisho wa keria, na upana wa usukani saiti mira zikiwa zimefunguliwa. Pikipiki nyingi za CC 150 zina urefu wa mita 2 na kitu, kava la urefu wa sm 220 mpaka 245 linakaa vizuri, na kama una keria kubwa au boksi nyuma usishuke chini ya 245. Likibana mira zinatoboa pale pale, likizidi linageuka tanga la ngalawa. Na upepo ndio unaoharibu rangi, mdogo wangu, kava linapigapiga usiku kucha na mchanga uko ndani yake, tanki linasuguliwa kama kwa msasa. Lazima liwe na lastiki mbele na nyuma, na mkanda unaopita chini ya tumbo la injini. Lisipokuwa nao peleka kwa fundi wa kushona siti, hata pale Ngamiani wapo, akuongezee mkanda kwa uzi wa poliesta, uzi wa pamba unaoza. Tumia stendi ya kati, na kama uani ni mchanga weka ubao chini yake, maana kava likishika upepo linaweza kuiangusha iliyoegemea stendi ya pembeni. Chini acha wazi kama shibiri moja hewa ipite.

Ila hata ukinunua kava zuri kuliko yote mjini, ukiifunika chumvi ndani umefungia mwizi chumbani. Kila baada ya siku 2 au 3 chukua nusu ndoo ya maji baridi na kitambaa, pitisha kwenye spoki, rimu, ekzosi na usukani. Yawe maji ya bomba, visima vya karibu na bahari vingi vina chumvi na utakuwa unaipaka tena. Iache ikauke, cheni itie oili, vichwa vya betri vipake grisi, ndio ufunike. Na siku za jua ukiwa nyumbani ifunue ipate hewa. Swichi yako mpelekee fundi aifungue aisafishe sasa hivi kabla ya masika, bado inapona. Oili chafu usipake kwenye spoki kama wanavyofanya wengi, inashika mchanga na mchanga unashika chumvi.

SWALI: Mwanangu fundi, mimi nipo Makorora, nina bodaboda yangu nimempa kijana anaendesha. Nilinunua kava zuri tu, analeta pikipiki saa 4 usiku anaifunika hapo hapo anakwenda zake. Wiki ya pili kava limetoboka limegandia kwenye ekzosi, na sasa pikipiki ikiwashwa inanuka nyumba nzima. Nifanyeje? Mama wa Makorora.

JIBU: Shikamoo mama yangu, pole sana. Hilo kava halikuwa bovu. Poliesta inayeyuka kwenye nyuzi 250 hivi, na bomba la ekzosi karibu na injini baada ya kazi ya siku nzima linafika huko na kupita. Karatasi za nailoni, zile za plastiki kama ya mifuko, ndio kabisa, hata 130 hazifiki.

Kuliondoa hilo lililoganda, mwambie kijana awashe injini dakika chache tu plastiki ilainike, azime, kisha akwangue taratibu na kipande cha mti, mwiko wa zamani unafaa, asitumie kisu kitachuna ile ngozi ya kung'aa na kutu itaingia hapo. Mabaki ayasugue na stiliwaya laini ekzosi ikishapoa, na harufu itaisha.

Kava lenyewe usilitupe. Mpe fundi akate pale palipoungua, ashone kiraka cha jinzi nzito kwa ndani upande wa ekzosi, jinzi ni pamba haiyeyuki, ila haimaanishi sasa afunike ikiwa ya moto, pamba nayo inaungua. Akifika afunge koki ya mafuta kwanza, maana kabureta ikivuja petroli chini ya kava na ekzosi ina moto hapo tunaongelea nyumba sio kava tena. Ekzosi inataka nusu saa na zaidi kupoa. Kama hawezi kusubiri, akuachie kava juu ya siti likiwa limekunjwa, wewe au yeyote anayefunga mlango mwisho asogeze mkono karibu na ekzosi bila kugusa, akiona hakuna joto linalompiga ndio afunike.