Mkanda wa jeshi umekauka, mbona mama bado halali?

SWALI: Shikamoo daktari. Nakuandikia kuhusu mama yangu, ana miaka 67, ana sukari ila dawa anakunywa vizuri. Mwezi wa pili alitokwa na mkanda wa jeshi upande wa kulia, ukaanzia mgongoni ukazunguka mpaka chini ya ziwa. Vidonda vilikauka zamani, zimebaki alama nyeusi tu, lakini huu ni mwezi wa saba na maumivu yako palepale. Anasema panawaka moto alafu ghafla kama anapigwa shoti. Sidiria hawezi kuvaa, kanga ikimgusa tu anaruka, usiku anakaa kitandani ameegemea ukuta. Panado kanywa, diclofenac kanywa, sindano kachomwa, wapi. Kaka yangu anasema mama anadeka mana ngozi imeshapona, majirani nao wameanza maneno yao kwamba ni ngoma, yaani UKIMWI, na mama mwenyewe saivi hataki kumbeba mjukuu anaogopa atamwambukiza. Tufanyeje? – Binti, Tanga.

JIBU: Marahaba binti yangu, mfikishie mama pole zangu nyingi. Naomba nianze na kaka yako, mwambie mama hadeki, anaumwa kweli, na mtu anayeumwa hivi akiambiwa anadeka huwa ananyamaza tu na kuteseka peke yake.

Iko hivi. Mkanda wa jeshi unaletwa na virusi vilevile vya tetekuwanga, ukishaugua tetekuwanga utotoni haviondoki, vinajificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo miaka na miaka, siku kinga ikilegea vinaamka na kuufuata mshipa mmoja mpaka kwenye ngozi, ndo mana mkanda unakaa upande mmoja wa mwili. Huko njiani vinaujeruhi ule mshipa. Ngozi inapona kwa wiki chache, mshipa unachelewa sana, na mshipa uliojeruhiwa unapeleka taarifa ya maumivu kwenye ubongo hata kama hakuna kilichogusa, alafu kitu laini kama kanga kikigusa ubongo unakipokea kama moto. Maumivu yakizidi miezi 3 tunasema sasa haya ni maumivu ya neva yaliyoachwa na mkanda, na wanaoyapata zaidi ni watu wazima wa miaka 60 kwenda juu, kama mama.

Kwa hiyo panado na diclofenac kushindwa sio ajabu, hazijatengenezwa kwa maumivu ya aina hii. Na hiyo diclofenac naomba muiache, mtu wa miaka 67 mwenye sukari akiinywa miezi inamchosha figo na kumchubua tumbo, na faida yenyewe hapati.

Dawa anayohitaji ni ya kutuliza mishipa ya fahamu. Ya kwanza ni amitriptyline, ya bei nafuu na hospitali nyingi za kwetu ipo. Mtashtuka mkisoma kwamba ni dawa ya sonona, msiogope, kwa maumivu ya neva dozi yake ni ndogo sana, kwa umri wake daktari huanzia miligramu 10, au nusu ya kile kidonge cha 25, usiku saa moja au mbili kabla ya kulala. Itamkausha mdomo, itampa usingizi mzito na pengine choo kigumu, kwa hiyo akiamka usiku kwenda msalani awashe taa na ainuke taratibu asije akaanguka. Kama ana tatizo la moyo au presha ya macho amwambie daktari kabla hajaanza. Ya pili ni gabapentin au ndugu yake pregabalin, hizi zinatolewa kwa kuangalia figo, kwa hiyo apimwe figo kwanza, na zikishakolea mtu haachi ghafla, anapunguza polepole kwa maelekezo ya daktari. Tafadhali msizinunue tu famasi kwa kukisia.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapokwama. Hizi dawa hazifanyi kazi siku hiyohiyo kama panado, zinapandishwa kidogokidogo na nafuu inaanza kuonekana baada ya wiki 2 mpaka 4, wakati mwingine zaidi, mtu anakunywa siku tano anasema nayo imeshindwa anatupa. Muulize mama kila jioni, kati ya 0 na 10 leo maumivu ni ngapi, uandike kwenye daftari uende nalo kliniki. Yakitoka 9 yakafika 5 na akalala usiku, dawa inafanya kazi, hata kama hayajaisha.

Nyumbani avae kanga kuukuu ya pamba iliyofuliwa ikalainika, aachane na sidiria kwanza, feni isimpulize moja kwa moja. Wengine wanapata nafuu wakivaa fulana inayobana kidogo kwa sababu nguo haichezi juu ya ngozi, ajaribu aone. Kitambaa cha maji baridi dakika chache sawa, barafu yenyewe hapana. Ipo krimu ya kitaalamu inayotengenezwa na kiini cha pilipili, ila msije mkasaga pilipili za jikoni mkampaka, mtamuunguza.

Kuhusu mjukuu, ambebe! Wakati wa malengelenge yenye maji ndo angeweza kumpa tetekuwanga mtoto ambaye hajawahi kuugua, vidonda vikishakauka hakuna cha kuambukiza. Na majirani, umri na sukari peke yake vinatosha kabisa kuamsha mkanda. Kupima VVU ni jambo jema kwa yeyote aliyetoka mkanda, akipima ni kwa faida yake na majibu ni yake.

SWALI: Nina miaka 52, dada yangu ameteseka na mkanda mwaka mzima. Mimi najikingaje? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Chanjo ipo, inaitwa Shingrix, Marekani waliiruhusu mwaka 2017 kwa watu wa miaka 50 na kuendelea, ni dozi mbili zinazopishana miezi 2 mpaka 6. Ulizia kwenye hospitali kubwa za binafsi, na ujiandae kwamba bei yake sio ndogo. Bila chanjo, kikubwa ni kuwahi: ukihisi sehemu moja ya mwili inachoma alafu yakatoka malengelenge upande mmoja, nenda hospitali ndani ya saa 72 uanzishiwe acyclovir, dawa ya kupambana na hivyo virusi, usipoteze siku kwa kupaka majivu au dawa ya meno. Yakitokea kwenye paji la uso, karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, usisubiri hata kesho, mana jicho linaweza kupofuka.