Kupanga Kawasaki: maswali yenu na majibu

Wengi mnaoniandikia mmepata kazi au masomo Tokyo, kodi za huko zimewatisha, sasa mnaitazama Kawasaki, mji wa viwanda wa watu kama milioni moja na nusu uliobanwa kati ya Tokyo na Yokohama. Haya ya leo.

*Dada, kazi yangu itakuwa karibu na stesheni ya Shinagawa. Dalali ananisukumia chumba kwenye maghorofa mapya ya Musashi-Kosugi, mtaa wa Kawasaki. Nikubali?*

Usikimbilie. Huku chagua reli kwanza, chumba kitafuata. Mji umelala kama utepe kando ya mto Tama. Njia nyingi za treni zinaukata kwenda Tokyo, na Nambu ndiyo inayoufuata kwa urefu. Kutoka stesheni ya Kawasaki, treni ya Tokaido hufika Shinagawa kwa dakika kama kumi, bila kusimama njiani.

Musashi-Kosugi nako ni karibu, ila maghorofa yaliota haraka kuliko stesheni. Asubuhi foleni ilikuwa ikitokeza hadi nje ya lango, na ili kupunguza msongamano huo jukwaa jipya la njia ya Yokosuka lilifunguliwa Desemba 2022. Halafu kuna mambo ya Oktoba 2019: kimbunga Hagibis kilipopita, maji yaliingia chini ya jengo moja la ghorofa 47 na kuharibu mitambo ya umeme. Lifti zikasimama, vyoo havikutumika, na watu waliolipa pesa nyingi kwa ajili ya mandhari wakapanda ngazi na tochi mkononi.

Mimi ningeangalia Kashimada, kwenye Nambu. Ukitembea kidogo tu unafika Shin-Kawasaki, unapanda Yokosuka kabla umati wa Musashi-Kosugi haujaingia. Uliza pia kazini kuhusu nauli, maana waajiri wengi Japani huwalipia wafanyakazi pasi ya treni.

*Kodi ni yen 70,000, lakini nadaiwa zaidi ya 300,000 kabla ya kupewa ufunguo. Nimepata tapeli?*

Hapana, pole. Jumlisha kodi ya mwanzo, dhamana, ada ya dalali, kampuni ya udhamini, bima ya moto, na kilemba cha mwenye nyumba, ambacho hakirudi. Kariakoo tunakijua kwa milango ya maduka. Huku hudaiwa hata kwa chumba cha kulala. Ukitaka kukikwepa, ulizia nyumba za UR, shirika la umma: hakuna kilemba, hakuna ada ya dalali, hakuna mdhamini. Watakudai dhamana na uthibitisho wa kipato. Majengo mengi ni ya zamani, lakini imara. Ukishahamia, una siku 14 za kuandikisha anwani kwenye ofisi ya kata.

*Pikipiki za Kawasaki zinatengenezwa hapo?*

Hapana. Jina ni la mwanzilishi, Kawasaki Shozo, na kampuni ilikulia Kobe.

*Mwanangu ana pumu. Nasikia Kawasaki ni moshi mtupu.*

Sifa hiyo ina historia. Wakazi wagonjwa walifungua kesi mwaka 1982 dhidi ya kampuni za viwanda, serikali na shirika la barabara za kulipia. Kampuni zilimalizana nao mwaka 1996, serikali na shirika hilo mwaka 1999. Hewa ya leo si ile ya miaka ya 1970, mbali kabisa. Lakini usidanganywe na neno "Kawasaki" kana kwamba ni mahali pamoja: viwanda vya mafuta na chuma viko upande wa bahari, malori nayo yana barabara zao huko. Kata za Tama na Asao, kaskazini, ni vilima na nyumba za familia. Kwa mtoto wa pumu ningekwenda huko bila kusita, hata kama safari ya kazini itarefuka.

*Mume wangu na mimi ni Waislamu kutoka Unguja. Tutasali wapi, na tutatazamwaje?*

Tokyo Camii, msikiti wa mtindo wa Kituruki uliofunguliwa mwaka 2000, uko Yoyogi-Uehara: pandeni Nambu hadi Noborito, kisha Odakyu. Kazi ni kupata ruhusa ya Ijumaa, ombeni mapema. Unga wa mahindi upo kwenye maduka ya Wahindi na Wanepali, ila mara nyingi ni wa njano.

Kuhusu kutazamwa, mji huu umezoea wageni zaidi ya mingi. Mtaa wa Sakuramoto wanaishi Wakorea wa vizazi kadhaa. Tangu 1996 kuna baraza la wawakilishi wa wakazi wa kigeni linalopeleka mapendekezo kwa meya, na Desemba 2019 jiji lilipitisha sheria ndogo, ya kwanza Japani kuweka adhabu kwa matamshi ya chuki hadharani: faini hadi yen 500,000 kwa anayerudia baada ya kuonywa na kuamriwa aache. Sheria hiyo haimgusi mwenye nyumba asiyetaka wageni, na huyo mtakutana naye. Mwambieni dalali ampigie simu kwanza, kabla hamjapoteza nauli kwenda kuona chumba.