Nusu kaputi kwa mtoto wa siku mbili na mashine ya ubongo: jibu kwa mleta mada

Mkuu, pole sana, na hongereni kwa mtoto. Umeuliza kama mmsikilize mjomba anayetaka mama akatae nusu kaputi mpaka mhakikishiwe kwamba kuna mashine ya kupima ubongo, kwa sababu amesoma kuwa dawa ya usingizi inaharibu akili za watoto. Mtoto ana siku mbili, amezaliwa Ukerewe bila tundu la haja kubwa, na kesho mnavuka na rufaa kuja Mwanza. Kazi yangu ni usingizi, hapa hapa mjini, kwa hiyo vumilia urefu.

Kabla ya ubongo, kuna kitu umekitaja kwa kupita: mtoto anatoa povu mdomoni na mnamfuta kila saa. Hicho ndicho kilichonishtua. Mtoto aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa wakati mwingine anakuwa na kasoro nyingine zinazoandamana nayo: moyo, figo, uti wa mgongo, au umio (njia ya chakula) uliokatikia njiani bila kufika tumboni. Mate yakikosa pa kwenda yanarudi kama povu, na mengine yanaingia mapafuni. Kupima si kazi kubwa. Mpira mwembamba unapitishwa mdomoni, na ukigoma kwenye kama sentimita 10, hapo kuna shida. Mwambieni nesi wa zamu usiku huu huu, msingoje kuvuka. Asinyonyeshwe wala kulambishwa maji, kichwa kiinuliwe, mate yafyonzwe, na afunikwe vizuri kwenye meli. Mama aendelee kukamua maziwa.

Sasa hoja ya mjomba. Hakuitunga. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu usingizi wa zaidi ya saa 3, au wa kurudiwarudiwa, kwa watoto chini ya miaka 3. Lakini hawakusema upasuaji wa lazima uahirishwe. Halafu kuna utafiti uliofanyika katika nchi 7 kwa watoto wachanga zaidi ya 700 waliopasuliwa ngiri: kundi moja lilipewa usingizi wa chini kidogo ya saa moja, jingine likachomwa ganzi ya mgongo likiwa macho. Majibu yaliyotoka 2019, watoto wakiwa na miaka 5, yalionyesha akili zao zinalingana. Hiyo ni mara moja tu na muda mfupi, sitaki kukuuzia zaidi ya hapo.

Na ile mashine? Inabandikwa kwenye paji la uso, inasoma umeme wa ubongo na kutoa namba kati ya 0 na 100. Mtu mzima tunamtaka kati ya 40 na 60. Shida ni kwamba hesabu zake zilitengenezwa kwa ubongo wa watu wazima. Umeme wa ubongo wa mtoto chini ya miezi 6 bado haujakomaa, kwa hiyo namba yake haiaminiki. Hata ketamini, dawa tunayoitumia sana huku kwetu, inaichanganya: mgonjwa kalala fofofo, namba iko juu. Mkiikosa, hamjapungukiwa na kitu.

Kinachoua ubongo wa mtoto haraka ni kukosa oksijeni, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Kisogo chake ni kikubwa, ukimlaza tu shingo inajikunja kama mrija wa soda, kwa hiyo tunaviringisha kitambaa na kukiweka chini ya mabega. Ulimi umejaa mdomo. Mlango wa koo la hewa uko juu kuliko wa mtu mzima. Koo lenyewe lina urefu wa sentimita 4 hadi 5, ukizidisha kidogo mpira wa kupumulia unaingia pafu la kulia peke yake. Na kwa kila kilo ya mwili anatumia oksijeni karibu mara mbili yetu. Wanafunzi wakiingiza mpira huo huwa wanakodoa macho kwenye tundu la koo, wamesahau kila kitu. Mimi nawafundisha kusikiliza oksimita, kifaa cha kupima oksijeni: mlio ukianza kuwa mzito, oksijeni inashuka, na muda si mrefu mapigo nayo yanapungua. Hapo unatoa laringoskopu, kile chuma cha kufungulia koo, unarudisha barakoa na ambu (mfuko wa kusukuma hewa), mtoto anapata rangi, ndipo unajaribu tena au unampisha mwenzako.

Usidhani ni huku kwetu tu. Dublin walilinganisha laringoskopu ya kawaida na ya kamera kwa watoto wachanga, matokeo yakatoka 2024: ya kamera ilifaulu kuingiza mpira jaribio la kwanza kwa asilimia 74, ya kawaida asilimia 45. Kamera ni nzuri, nami naipenda. Ila ona hiyo 45, hospitali yenye kila kitu. Ndiyo maana mtu asiyejua kushika barakoa vizuri simruhusu aguse laringoskopu, hata awe na vyeti vya ukuta mzima.

Kwa hiyo mkifika ulizeni, kwa heshima tu: nani atamlaza mtoto, amezoea wachanga, na oksimita itakuwa mwilini mwake mpaka wodini? Asiwashtue akiwa si daktari. Wengi wetu ni wauguzi tuliosomea usingizi juu ya uuguzi, na kwa wachanga mazoezi ya mikono yana uzito kuliko cheo.

Swali la mjomba litakuwa na maana zaidi baadaye. Kama umio uko salama, kesho huenda akatobolewa tumboni haja ipite huko, kisha atarudi kutengenezewa njia, na tena kufunga tumbo. Usingizi wa mara tatu hivyo unafaa kujadiliwa na daktari mapema, ikiwemo kuongezea ganzi ili dawa ipungue. Kesho muda huo hampati, utumbo uliojaa unaweza kupasuka. Mjomba mpeni kazi ya kutafuta wachangia damu.