Usihesabu Zile 912 Pekee

Nina bekari ndogo Mombasa, ya boflo na keki, na wafanyakazi wanne. Rais Ruto alipotangaza Sikukuu ya Wafanyakazi ya 2024 kuwa kima cha chini cha mshahara kitapanda kwa asilimia 6, nilipiga hesabu nyuma ya risiti ya unga. Msaidizi wa jijini, kama mfagiaji, atoka 15,201.65 kwa mwezi aenda 16,113.75. Shilingi 912. Nikaona si neno.

Kosa la kwanza: posho ya nyumba haimo ndani ya kima hicho. Weka asilimia 15 juu yake, nyongeza yafika 1,049. Halafu tozo ya nyumba ya serikali, asilimia 1.5 kwa mwajiri, na mchango wa NSSF, mfuko wa pensheni. Hayo bado yahesabika.

Lililoniumiza halikuwa kwenye karatasi. Fundi wangu wa tanuri alikuwa akipata 17,500, juu ya kima cha msaidizi, kwa hiyo sikumwongeza hata senti. Akaja Novemba, amri ilipoanza kutumika, mikono imejaa unga: "Bosi, mimi naamka saa nane usiku. Huyu wa kufagia sasa yuaja kunifikia." Nikamwambia biashara ngumu. Hakubisha. Wiki tatu baadaye akaenda kuokea hoteli moja. Fundi mpya alinimalizia magunia mawili ya unga kabla boflo halijaumuka sawasawa, na wenye maduka hawangoji.

Basi ukisikia kima kimepanda, anza na aliye juu ya kima. Mwongeze kidogo kabla hajaomba.

Bei nayo ina ujanja wake. Boflo la shilingi 10 huwezi kuliuza 10 na nusu. Nani ana hiyo nusu? Niliacha boflo palepale, nikapandisha keki, maana anunuaye keki haziangalii sana shilingi tano.

Jirani zangu wengine walikimbilia vibarua wa siku ili wakwepe. Mimi sikushauri. Sheria ya Ajira, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi mfululizo hadi siku zake zikatimia mwezi, huhesabiwa wa mwezi, na akifikisha miezi miwili haki zake zote zaja naye. Tena kila siku utafundisha mtu mpya kupaka mafuta trei.

Yule kijana wa kufagia bado ninaye. Siku hizi aja mapema bila kuitwa, na asubuhi namwachia trei mbili akande mwenyewe. Za jana zilitoka bapa kama chapati.