Umeandika "nimepanga" mara saba

*Shangazi, naishi Ilazo, Dodoma. Nina mume na watoto watatu: miaka 11, 9 na 5. Desemba tunakwenda Dar kwa treni, na siku moja tutashinda kwenye michezo ya maji kule Kunduchi. Nimepanga kila kitu: mitelezo gani, saa ngapi, nani aanze. Nikamwonyesha mume wangu, akasema "sawa", akageukia taarifa ya habari. Kesho yake ananiambia tunakwenda na mama yake! Mama mwenyewe hajui kuogelea, hata hiyo treni ya SGR hajawahi kuipanda. Nifanyeje mume wangu anielewe? Mama Watatu.*

Pole, Mama Watatu. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako ilikuwa ndefu, nimeifupisha. Ndani yake "nimepanga" iko mara saba, "tumepanga" haimo. Nimehesabu kwa kalamu. Halafu unashangaa baba wa watu kusema "sawa"? Hiyo ni sawa ya mtu aliyeletewa karatasi asaini. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwanangu, na mshindo wenyewe ndio huo wa mama mkwe.

Mwenzio anapiga hesabu. Nauli ya treni ya kawaida Dodoma hadi Dar ni 31,000 kwa mtu mzima, watoto nusu yake. Zidisha kwenda na kurudi, na getini Kunduchi bado hamjafika. Ulimuuliza ana kiasi gani? Kwenye barua sikuona.

Na huyu wa mwisho, uliyeandika kwamba "anaogopa maji lakini atazoea". Mitelezo mirefu inapima kimo cha mtoto, haipimi hamu ya mama. Anasimamishwa kwenye alama, asipoifikia anarudishwa huku analia na wenzake wanapanda. Mpime leo kwenye fremu ya mlango, weka alama kwa penseli, kisha piga simu kule uulize wanataka sentimita ngapi. Mtoto wa miaka 5 anashinda kutwa kwenye kidimbwi cha maji ya magotini na wala hachoki. Huo mtelezo mrefu unautaka wewe, wa kuweka status.

Ndoa za siku hizi zinanichosha. Harusi ina kamati, mwenyekiti, mweka hazina na vikao kila Jumapili. Watu wakishaoana, hata kikao cha kununua unga hakuna! Mmoja anaamua, mwenzake anapata taarifa.

Jumapili hii zimeni runinga mkae wote. Kila mtu ataje kitu kimoja anachokitaka, na baba aanze kwa kuwa ndiye hajaulizwa. Vikitimia hivyo, inatosha. Ukitaka kumaliza mitelezo yote utashinda kwenye foleni. Mchagua nazi hupata koroma.

Sasa bibi. Hajui kuogelea, kwani nani kamwambia aogelee? Nani atakaa kivulini na mataulo, simu na viatu vyenu wakati wewe unateleza? Umeandika mwenyewe kwamba alilima karanga Mpwapwa mpaka mumeo akamaliza shule. Leo unamhesabia kiti cha treni?

Mkatie tiketi yake kwanza, kabla ya zenu, tena umpe kiti cha dirishani ayaone mahandaki ya Kilosa. Wewe kaa katikati na watoto.