Kabla ya kupiga dawa mti wa nyumbani, angalia kilicho chini yake

Ushauri mwingi wa viuatilifu unamlenga mtu mwenye shamba. Anapiga dawa, anafunga bomba lake, anaondoka. Sisi wa Tukuyu wenye miti miwili mitatu uani, parachichi, mpera na mpichi, hatuna pa kuondokea. Chini ya mparachichi wangu wa jikoni kuna tuta la chainizi, kuku wanaparua majani makavu, kamba ya nguo imefungwa kwenye tawi la mti huohuo, na pipa la kukinga maji ya mvua liko hatua chache tu. Dawa ikipanda juu lazima ishuke, na ikishuka inaangukia hapo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza dawa gani, mimi huanza na chini. Nguo zianuliwe, pipa lifunikwe, kuku wafungiwe, masufuria yaliyo kichanjani yaingizwe ndani. Mboga za kula siku hizo zichumwe mapema, zilizobaki zifunikwe kwa turubai, na turubai hilo lisirudi kuanikia mahindi. Kama huwezi kufunika, basi chainizi hiyo umeipiga dawa, hata kama hukuikusudia. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo ni za zao lililotajwa pale. Za parachichi huwezi kuzihamishia kwenye mboga ya majani, na kuosha hakuondoi dawa iliyokwisha kuingia ndani ya jani.

Halafu jiulize kama dawa ina kazi ya kufanya. Nyingi ninazoona zikipigwa majumbani hazina. Ukipasua pera ukakuta funza, huyo ni mtoto wa inzi wa matunda, na dawa inayobaki kwenye ganda haimfikii. (Inzi msumbufu kuliko wote ni mgeni kutoka Asia, alionekana hapa Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 2003.) Kinachosaidia ni kuokota mapera na mapichi yaliyoanguka, kila siku, na kuyazika nusu mita kwenda chini, au kuyafunga kwenye mfuko mweusi na kuuacha juani mpaka funza wafe. Kazi ya kuchosha, najua, na haina maana sana kama jirani hafanyi, hivyo zungumzeni.

Chule, ugonjwa wa kuvu kwenye matunda, nayo ina hila yake. Madoa meusi unayoyaona parachichi likiiva yalianza zamani: kuvu aliingia tunda likiwa changa, akatulia humo akisubiri liive. Kupiga dawa siku unayoona madoa ni kuoga baada ya harusi. Dawa za shaba hukinga, haziponyi. Zinatakiwa ziwe juu ya tunda kabla ya ugonjwa. Kwetu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo kupunguza matawi ili hewa na jua vipenye ndani ya mti ni nusu ya tiba. Na mti ukianza kunyauka kutoka juu, majani yakawa madogo na ya kijani kilichofifia, fukua kidogo uangalie mizizi midogo. Ikiwa myeusi na inakatika ovyo, shida ni maji kutuama na kuoza mizizi. Dawa ya wadudu hapo ni hela ya bure.

Ukishajiridhisha kwamba dawa inahitajika, nunua iliyofungwa kiwandani. Lebo iwe ya Kiswahili, iwe na namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na itaje zao lako na mdudu au ugonjwa wako. Angalia utepe wa rangi chini ya lebo: nyekundu ndiyo sumu kali kuliko zote, inafuata njano, kisha bluu, kisha kijani. Binafsi, dawa ya utepe mwekundu haiingii uani kwangu. Na muuzaji akikupimia dawa kwenye chupa ya soda kwa sababu una miti miwili tu, kataa. Chupa hiyo haina lebo wala maelezo, na mtoto akiikuta jikoni anajua moja tu kuhusu chupa ya soda.

Vipimo ndipo watu wengi wanapokisia. Lebo ikisema gramu 40 kwa lita 20 za maji, na bomba lako ni la lita 15, weka gramu 30. Tafuta kikombe na kijiko cha kupimia visivyofanya kazi nyingine yoyote. Mimi kwanza huupiga mti maji matupu. Najua unakula lita ngapi mpaka majani yalowe bila kuchuruzika, naona kama bomba linavuja kwenye mpini, na naona matone yanaangukia wapi hasa. Utashangaa: upepo mdogo tu wa alasiri unayapeleka mpaka dirisha la chumba cha watoto. Baada ya hapo nachanganya kiasi kile tu. Dawa iliyobaki kwenye bomba ndiyo inayomwagwa mtaroni, na mitaro yetu yote inaishia mtoni.

Anayepiga dawa avae. Sumu nyingi humpata mtu kupitia ngozi kuliko puani, hasa mikononi wakati wa kupima dawa ikiwa bado kali. Glavu ziwe za mpira, si za kitambaa. Mti mrefu unakurudishia dawa usoni, kwa hiyo vaa kofia yenye ukingo mpana na miwani, na suruali ishuke nje ya buti ili matone yasiingie ndani. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa dawa. Kama unamwita kijana wa bomba, mpe vifaa hivi na sabuni ya kunawa kabla hujampa chai. Wengi wanakuja na kandambili, wakizibua nozeli kwa kuipuliza mdomoni. Mwambie, "Mdogo wangu, hapa hatupulizi kwa mdomo," na umpe mswaki wa zamani.

Wakati mzuri ni asubuhi umande ukishakauka, au jioni, pasipo upepo wala wingu la mvua. Mti ukichanua, dawa ya wadudu iweke kando kabisa. Ua la parachichi hufunguka mara mbili, kwanza kama jike, baadaye kama dume, kwa hiyo linamhitaji nyuki wa kubeba chavua. Ukimuua nyuki umejinyima parachichi zako mwenyewe.

Wapo watakaosema watumie utupa au tumbaku kwa kuwa ni vya asili. Utupa ndio huohuo unaotumika kuvulia samaki kwa sumu, na nikotini ya tumbaku inapita kwenye ngozi ya mtu vizuri tu. Ukitumia, jikinge vilevile, na usioshee ndoo kijitoni.

Chupa ikiisha, isuuze mara tatu, maji ya kila suuzo yarudi kwenye bomba na kupigwa mtini, kisha itoboe. Usiichome. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na bomba likae stoo inayofungwa, mbali na mbegu na chakula.

Mtu akianza kutoka mate na jasho jingi, kutetemeka, kuona ukungu au kupumua kwa shida, mtoe hapo, mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi. Dawa ikiingia machoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usimlazimishe kutapika. Maziwa, ambayo kila mama mkubwa atakuambia umpe, usimpe. Wahini hospitali, na chukueni lebo, kwa sababu daktari anatibu kulingana na kiambata kilichomo, yaani sumu yenyewe inayofanya kazi, na jina la "dawa ya parachichi" halimsaidii kitu.