Jibu kwa aliyeuliza: mbona kampuni binafsi zinabwaga vyombo mwezini?

Mkuu mleta mada, umeuliza inakuwaje kampuni binafsi zinapiga vyombo chini wakati Apollo 11 ilitua salama 1969. Wengi humu wamejibu kwamba hela hazitoshi. Sikatai, ila mimi kazi yangu ni kupima ardhi kwa droni, na kila nikisoma habari za ajali hizo naona ugonjwa uleule: chombo hakijui kiko juu kiasi gani.

Aliyewahi kurusha droni kwenye machimbo ya kokoto, tuseme Lugoba, atanielewa. Uko juu ya tambarare, leza ya kupimia kimo inasoma mita 40. Ukivuka ukingo wa shimo, namba inaruka ghafla hadi 70. Droni haijapanda hata kidogo, ardhi ndiyo imeshuka. Programu isiyotarajia hilo itasema leza imeharibika.

Ndicho kilichowakuta Wajapani wa kampuni ya ispace Aprili 2023. Chombo kilivuka ukingo wa kreta (shimo kubwa la mwezini), kimo kikaruka kama kilomita 3, kompyuta ikaamua sensa (kipima kimo) inadanganya na kufuata hesabu zake yenyewe. Ikaamini imefika chini, kumbe bado kilomita 5 hivi. Kikaning'inia hapo hadi mafuta yakakata, kikaanguka. Kinachoniudhi ni kwamba eneo la kutua lilibadilishwa maandalizi yakiwa yameshafika mbali, na majaribio ya programu hayakulizingatia vya kutosha.

Odysseus, chombo cha kampuni ya Marekani ya Intuitive Machines, Februari 2024: leza haikuweza kuwaka kwa sababu swichi ya usalama haikufunguliwa kabla ya kuruka! Kikatua kwa kamera na makadirio, kikalala ubavu, ingawa data kilituma. Athena ya kampuni hiyohiyo mwaka uliofuata, leza tena, ubavu tena. Juni 2025 ispace wakarudia, leza ikachelewa kusoma, kikajibamiza.

Peregrine, chombo cha kampuni ya Astrobotic, siiweki kundi hili. Ile iliuawa na valvu ya heliamu, haikufika hata karibu.

Na kutua salama kunawezekana, tusidanganyane. Blue Ghost ya kampuni ya Firefly ilitua wima Machi 2, 2025 kwenye tambarare ya mwezini iitwayo Mare Crisium, ikikwepa vikwazo yenyewe. Ikanasa hadi mawimbi ya GPS na ya Galileo (GPS ya Ulaya) ikiwa kule. Sisi wa vipimo tulishangilia, ingawa mawimbi hayo bado ni hafifu mno kwa kuongozea chombo kinachotua.

Kuhusu Apollo 11: kamanda wake, Neil Armstrong, aliona anapelekwa kwenye mawe, akashika usukani mwenyewe. Roboti haina Armstrong.

Sasa tuje kwenye kutua na watu. Ili wajenge vyombo vya kuwatua wanaanga mwezini, NASA iliwapa SpaceX dola bilioni 2.89 mwaka 2021, Blue Origin bilioni 3.4 mwaka 2023, na kila mmoja lazima atue kwanza bila mtu ndani. Starship ya mwezini, ambayo ndiyo chombo cha SpaceX, ina urefu wa karibu mita 50, kwa hiyo kulala ubavu kama Odysseus hapo haikubaliki kabisa. Siku ya jaribio hilo, achaneni na picha za injini. Kodoleeni namba ya kimo.